Muhogo Juu ya Bomu

Kabla sijasema neno lingine, niseme kwamba ndege zilikuwepo. Watu wa Kasese wa siku hizi, hasa hawa waliozaliwa na simu mkononi, wanadai kituo chetu cha jeshi hakikuwahi kuwa na ndege hata moja. Mimi nilifanya kazi pale miaka ya sabini, na nawaambia zilikuwa nne. Tatu tulizitengeneza wenyewe kwa mapipa, mabati na magogo ya migomba, tukazipaka rangi ya majani ili adui akichungulia kutoka juu ahesabu, aogope, arudi kwao. Ya nne ilikuwa ya kweli. Ilitua mara moja, ikamletea mkuu wa kituo kochi lake, ikaondoka.

Kazi yangu mimi Gidioni ilikuwa kufukuza wanyama. Mtu asicheke. Uwanja uko nje ya mji ukishika njia ya Bwera, na nyasi zake zinapoishia ndipo mbuga inapoanza. Nyati, ngiri na swala waliipenda ile lami kwa sababu jua likishazama inabaki na joto, wanalala juu yake kama abiria wa daraja la kwanza. Nilipewa ringi ya gurudumu la lori na nyundo. Ndege ikitarajiwa, nagonga ringi, wanyama wanatawanyika. Kwa kuwa ndege haikuwa ikitarajiwa, niligonga kila asubuhi nisije nikasahau kazi.

Alikuwepo nyati dume mmoja aliyeipenda ndege yetu ya mapipa, ile ya katikati. Kiangazi kizima alisimama ubavuni mwake akiilamba rangi. Vita vilipofika, askari walikimbilia upande wa Kongo na kochi lao kichwani, na aliyebaki kulinda kituo ni huyo nyati peke yake. Hiyo ndiyo historia, na nimeisimulia kwa watu wengi, kila mmoja kwa kadiri ya subira yake.

Baada ya vita watu walibeba mabati, milango, hata vyoo. Lami ilibaki kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kuibeba. Ndipo akina mama walipogundua siri ambayo majenerali hawakuigundua: kwamba hakuna mahali pa kuanika muhogo kama njia ya ndege.

Sisi Wabakonzo bila muhogo hatujala. Unaumenya, unauloweka mpaka unalainika na kunuka vizuri, unaukatakata, unauanika, ukikauka unausaga, unapika obundu, ule ugali wetu unaovutika kama mpira. Ukiuanika kwenye nyasi, unachukua wiki nzima na unaota ukungu mweusi. Ukiuanika juu ya lami ya jeshi, unageuza mara moja mchana, unageuza tena kesho yake, na unakauka mweupe kama meno ya mtoto. Wakongo wa kule mpakani wanaujua muhogo wa uwanja wa ndege kwa kuutazama tu.

Mwaka ule nchi ilipotimiza miaka hamsini ya uhuru, kiongozi wa waanikaji wote alikuwa Yudesi, mjane wa kaka yangu. Yudesi aliuza muhogo wake kila Ijumaa kwenye soko la Mpondwe, pale Bwera, kwa mnunuzi mmoja tu, Mkongo anayeitwa Philippe. Nami tangu nistaafu ulinzi wa ghala la pamba nilikuwa nakula kwa Yudesi. Ili nisionekane nakula bure, nilikalia kigoda changu pale palipokuwa kibanda cha mlinzi, pembeni mwa njia ya ndege, nikifukuza mbuzi na nyani. Kazi ileile ya zamani, ila sasa nalipwa kwa sahani.

Jumanne moja, Yudesi akiwa ameshaanika mzigo wake wote, likaja gari jeupe. Akashuka Semakula, tajiri mwenye malori, kanyoa ndevu vizuri na kiatu kinang'aa. Alikuwa na watu wawili wenye kamba ya kupimia. Aliniamkia kwa heshima, akanieleza kwamba ardhi hii ameambiwa na mtu fulani mjini haina mwenyewe, na kwamba anataka kujenga kituo cha petroli na maegesho ya malori, Kasese iendelee. Akina mama je? Akasema akina mama watatafutiwa mahali. Mimi kwa umri wangu najua hapo mahali pa kutafutiwa huwa ni wapi.

Kisha akauliza swali ambalo hakupaswa kuniuliza mimi.

"Mzee, wewe ndiye uliyekuwa hapa zamani. Chini kuna nini? Nataka kuchimbia matangi."

"Juu ni lami," nikamwambia. "Chini ya lami kokoto. Chini ya kokoto bomu."

Watu wa kamba wakaacha kuvuta kamba.

Nikamweleza taratibu, maana uongo ukiharakishwa unajikwaa. Nikamwambia siku ndege ilipoleta kochi ilileta na bomu, refu kama mtumbwi wa wavuvi wa Kahendero, na kwamba lilidondoka wakati wa kupakua kochi, likazama kwenye lami mbichi katikati ya uwanja, na mkuu wa kituo akaamuru lifunikwe na lami nyingine, asiandikiwe kosa. Semakula akauliza kwa nini halijalipuka miaka yote hiyo.

"Halijachokozwa," nikasema. "Muhogo ni mwepesi, na akina mama wanatembea peku. Tangi la petroli sijui litalichukuliaje."

Semakula akaitazama njia aliyokuja nayo. Akarudi kwenye gari kwa ncha za vidole, kiatu kinang'aa hivyohivyo, na watu wake nyuma yake wakikanyaga palepale alipokanyaga yeye. Kamba ya kupimia waliiacha. Yudesi anaitumia kufungia mbuzi hadi leo.

Jioni ile nililetewa sahani mbili.

Sasa, lazima nimtendee haki Semakula. Mtu mbaya angenyamaza. Yeye alifanya anachotakiwa kufanya raia mwema: alikwenda akatoa taarifa. Jumatano asubuhi tukaona lori la jeshi, askari wanashuka, wanazungushia uwanja wote utepe mwekundu, muhogo ndani, wenye muhogo nje.

Upande wa milima ya Rwenzori mawingu yalikuwa yamekaa tangu alfajiri, na kila mtu wa huku anajua yakikaa hivyo yanasubiri nini. Muhogo ulioloweshwa na mvua katikati ya kukauka haufai hata kwa nguruwe. Yudesi alinijia mikono kiunoni.

"Shemeji, bomu lako limekula muhogo wangu."

Nikamwambia asubiri, mambo yatakaa sawa. Akanionesha simu. Philippe alikuwa ameshapiga kutoka ng'ambo, maana habari ya bomu ilivuka mpaka bila kuonesha kitambulisho. Yudesi akampigia tena na kuiweka sauti ya juu ili na mimi nisikie.

"Mama Yudesi," Philippe akasema, "Ijumaa muhogo ikikosa, miye naenda kununua kwa bale batu ba Karusandara. Beko na muhogo, na habeko na bomu. Nikizoea kule, sirudie."

Yudesi akakata simu. Akasema kwa upole, na upole wake ndio unaotisha, kwamba Philippe akienda Karusandara, mimi nitakula bomu langu, asubuhi na jioni, bila mchuzi.

Basi nikavaa koti, nikaenda kwenye utepe. Mkuu wa wale askari alikuwa luteni mwanamke, jina lake Saudah, miwani nyeusi, buti safi. Kando yake askari mmoja alishika mashine yenye mti mrefu na sahani chini, ile inayonusa chuma. Nikajitambulisha kuwa mfanyakazi wa zamani wa kituo. Akaniamuru nieleze. Nilimweleza ndege za mapipa, kochi na yule nyati, nikijua kuwa mtu akishaingia kwenye habari ya nyati huwa anasahau alichouliza. Huyu hakusahau.

"Mzee, nyati baadaye. Bomu iko wapi?"

Nikanyoosha mkono kwenye nyasi, mwisho kabisa wa njia ya ndege, mbali na muhogo.

"Jana ulimwambia yule bosi iko katikati."

"Afande, ni miaka mingi. Udongo unatembea."

Akavua miwani. Macho yake yalikuwa ya mtu anayejitahidi asicheke kazini.

"Mimi nimezaliwa Bwera," akasema. "Mama yangu amenisomesha na muhogo. Na baba yangu alikuwa na nyati wake, wa kwake alikuwa anaimba. Uongo ya wazee wa huku ninaijua. Lakini karatasi imeshapanda juu, inasema bomu. Nikirudi mkono mtupu, watatuma wale wa Kampala, na wale wakifunga uwanja, wanafunga mpaka mwaka ingine. Kwa hivyo kesho mchana mashine yangu isikie chuma. Chuma ya jeshi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande."

"Na chuma isipopatikana, nitabeba wewe."

Nilipaswa kuondoka hapo. Lakini nilimwona Yudesi kule nyuma, na jua lilikuwa limefika utosini. Nikasema kwamba kuna jambo dogo: muhogo unatakiwa kugeuzwa saa hizi. Saudah akajibu kwamba raia haruhusiwi kuvuka utepe, amri ni amri. Akautazama muhogo. Akayatazama mawingu. Nadhani alimwona mama yake, sijui. Akageukia askari wake, akawapanga mstari mmoja kwa upana wa njia ya ndege, akatoa amri.

"Platuni. Inama. Geuza."

Nimeona mambo mengi katika kituo kile, na mengine nimeyatunga, lakini hili sikulitunga. Askari wazima, bunduki mgongoni, wanatembea hatua kwa hatua wakigeuza vipande vya muhogo kimoja kimoja kama wanaobadilisha watoto nepi. Yudesi alisimama nje ya utepe akiwaongoza. Wewe mrefu, usirushe, hayo siyo mawe. Wewe wa kofia, umeruka viwili. Yule wa kofia akarudi kuvigeuza, akamjibu, "Ndiyo, afande," na akina mama wote wakajifunika midomo kwa leso.

Ikabaki chuma. Chuma cha jeshi katika Kasese nzima nilikijua kimoja tu, ile ringi yangu ya lori. Ilikuwa bado na rangi ya majani ukingoni na namba ya jeshi imechongwa ubavuni. Tatizo ni kwamba baada ya vita niliitoa sadaka, na tangu hapo ndiyo kengele ya kanisa letu. Hata Waislamu wa upande wa pili wanapanga saa zao kwa hiyo ringi.

Niliogopa kumwambia Yudesi, kwa sababu yeye ndiye mwenyekiti wa umoja wa akina mama pale kanisani. Nikamwambia hivyohivyo. Akachukua ngazi, akapanda mwenyewe, akaishusha.

"Mungu anasikia hata bila chuma," akasema. "Philippe ndiye asiyesikia."

Alhamisi mchana Yudesi aliwapikia askari. Obundu, samaki wa Kahendero na sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa mpaka ikasahau kuwa majani. Aliandaa nyuma ya lori lao, ng'ambo ya uwanja. Askari mmoja akakaa akitazama njia ya ndege, Saudah akamwambia ageuke, mtu anayekula haangalii kazi. Wote wakageuka. Hapo nikapita chini ya utepe na ringi begani na jembe mkononi, nikaelekea kwenye zile nyasi za mwisho.

Nitasema kitu na mtu asinitangaze. Nilipofika katikati ya uwanja, pale nilipomwambia Semakula kuna bomu, nilisimama. Nilijua hakuna kitu. Mimi ndiye niliyelitia bomu hilo pale, kwa mdomo wangu, juzi tu. Lakini nilivua viatu, nikaendelea peku.

Nikachimba, nikazika ringi, nikapanga nyasi juu, nikarudi wakati wanalamba vidole.

Saudah akaamuru kazi ianze. Mwenye mashine akaanzia upande wa lori, akatembea polepole pembeni ya muhogo, sahani ikipepea huku na huku, kimya. Nilikuwa natabasamu. Alipopita pale palipokuwa kibanda cha mlinzi, mashine ikalia. Siyo kulia kwa kunong'ona. Ililia kama mtoto aliyepigwa.

Askari wakasimama. Saudah akanitazama, akatikisa kichwa kidogo kunipongeza, akidhani ndipo nilipozika. Mimi nikatikisa changu kwa namna nyingine, nikamwelekeza kwa midomo kule kwenye nyasi. Akakunja uso. Akaamuru pale pawekwe kijiti, mashine iendelee.

Kwenye nyasi mashine ikalia tena, kwa adabu. Wakachimba, wakaitoa ringi. Saudah akaifuta udongo, akaisoma namba ya jeshi, akapitisha kidole palipobonyea kwa nyundo ya miaka mingi.

"Bomu hii imepigwa sana," akasema.

"Ilikuwa kaidi, afande."

"Asubuhi ya leo sikusikia kengele ya kanisa."

"Hata mimi sikuisikia."

Akaipakiza kwenye lori. Kisha akanishika mkono, akanipeleka kando, mbali na masikio ya watu, akaonesha kile kijiti pale palipokuwa kibanda cha mlinzi.

"Na ile?"

"Ile sikuzika mimi."

"Mzee."

"Afande, kwa kaburi la kaka yangu. Pale ndipo ninapoweka kigoda."

Alinitazama muda mrefu. Nimedanganya watu wa kila aina, najua mtu anapopima neno. Safari hii alilipima na likakutwa na uzito. Akatazama kijiti, akatazama milima, ambayo sasa haikuonekana kwa mawingu, akatazama muhogo. Upepo wa mvua ulikuwa umeanza kunuka udongo.

"Hapo hatuchimbi," akasema. "Chakula ya mama bado iko tumboni, na mimi bado sijaolewa."

Kisha akafungua utepe kwa mkono wake mwenyewe, akatoa amri ya mwisho, nayo haikuwamo katika kitabu chochote cha jeshi: wote wakusanye muhogo. Askari na akina mama wakaingia pamoja, magunia yakajaa, na Wahab, dereva wetu wa Fuso ambaye siku zote huchelewa, siku hiyo alifika kwa wakati kwa sababu aliona buti barabarani akadhani anatafutwa. Tone la kwanza lilianguka wakati turubai linafungwa.

Ijumaa nilikwenda Bwera na mzigo, nipo juu ya magunia. Philippe alifungua gunia moja, akachagua kipande, akakivunja karibu na sikio. Muhogo mkavu unasema "ta". Huu ulisema "ta". Akavunja cha pili, akakinusa, akamtazama Yudesi kwa mashaka.

"Iko mukavu kupita ya kila siku. Nani alikausha?"

"Jeshi," Yudesi akajibu.

Philippe alicheka mpaka wapimaji wa jirani wakaacha mizani. Halafu akauliza kama wiki ijayo pia jeshi litakuwepo.

Jumatatu iliyofuata likaja gari la jeshi na kibao. Saudah alikuwa ameandika taarifa yake, na ninavyoambiwa, haikuwa na neno moja la uongo: kwamba kimepatikana chuma cha zamani cha jeshi, kwamba mashine imesikia kingine, na kwamba ardhi ile isichimbwe mpaka itakapoamuliwa vingine. Kibao kilisema: HATARI. USICHIMBE HAPA. Kikasimikwa palepale kwenye kijiti, nguzo yake ikisimamishwa juu ya ardhi kwa mawe, maana hata waliokileta walikataa kuchimba shimo.

Yudesi alimuuliza askari aliyekileta kama kuanika kunaruhusiwa. Askari akakisoma kibao tena, polepole.

"Imeandikwa usichimbe," akasema. "Kuanika hakujaandikwa."

Semakula alijenga kituo chake cha petroli upande wa Hima, na kinaendelea vizuri. Nimemsikia akiwasimulia wateja siku aliyosimama juu ya bomu. La kwake lina mabawa. Sikumkosoa, mtu akishaanza kujifunza usimkatize. Kanisani wanapiga debe badala ya kengele, na katekista hajanisamehe. Na mwaka ule wa sherehe walikuja watu wa kukusanya historia, wakanikuta, nikawapa yote, ndege za mapipa, kochi na nyati. Waliandika bomu tu.

Kigoda changu nimekihamishia upande wa pili wa njia ya ndege, ambako jua ni kali na nyani wananiona mapema. Nikilazimika kupita karibu na kibao, napita peku, viatu mkononi. Juzi Yudesi aliniona.

"Shemeji," akaniita mbele ya wenzake, "si bomu lako hilo? Mbona unalinyatia?"

"Langu ni lile waliloondoka nalo," nikamjibu. "Hili silijui ni la nani."

Wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Lakini mimi ni mlinzi wa zamani, natazama. Katikati ya uwanja Yudesi anaanika kama kawaida, anamwaga karai zima kwa mkupuo mmoja. Akikaribia kibao anainama, anavua kandambili, na anaweka vipande chini kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.